Nguruwe wa Mgombea

Niliwaacha juma lililopita pale mlangoni kwetu, Velizar Trnavac akivua viatu ingawa mama alimsihi asivue, na mimi nikijiambia kwamba mtu anayevua viatu bila kulazimishwa hawezi kuwa mtu mbaya.

Kwa aliyeanza kunisoma leo: naitwa Senka, binti wa Dragutin Obućina wa kijiji cha Gornji Jasikovac, Serbia. Nilitoka chuo kikuu nikapata kazi katika gazeti la mkoa, na kazi yangu ya kwanza kubwa ikawa kumwandika mgombea umeya ambaye kila mtu alikuwa akimwita mtu wa watu. Watu wa kampeni walitaka nyumba ya kijijini ya kumpigia picha. Nikatoa ya kwetu.

Nikachagua na siku. Ilikuwa sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu, Mtakatifu Nikola, ambayo baba aliirithi kwa babu pamoja na nyumba. Siku hiyo kwetu hatualiki mtu na haturudishi mtu. Anayekuja anakaa, anakula, anakunywa. Kwa hiyo baba alipoliona gari la mgombea uani, nyuma yake gari la wapiga picha, hakuuliza neno. Aliongeza viti.

Niseme na hili, kwa sababu ndilo lililotuchoma: Mtakatifu Nikola anaangukia katikati ya mfungo wa Krismasi. Mezani kunakuwa na samaki, maharage ya kuoka, kabichi, keki ya jozi isiyo na siagi. Nyama haiingii. Hata bibi yangu alipokuwa mahututi na daktari akamwandikia supu ya kuku, siku hiyo aligeuza uso ukutani.

Yote yalikwenda vizuri hadi mkate. Padri Sava alisoma sala, baba akaushika mkate wa sikukuu pamoja naye, wakauzungusha, wakaumiminia divai. Velizar naye akapenyeza mkono wake akaushika. Baba alishtuka kidogo, kisha akasogea ampe nafasi. Kamera ikalia. Padri alikuwa na nyumba nyingine za kwenda, akaondoka, mama akamsindikiza hadi barabarani, na baba akashuka stoo ya chini kuleta divai ya wageni. Majirani walikuwa bado hawajaanza kufika.

Hapo ndipo Tihomir alipoingia kwa mlango wa jikoni.

Tihomir ndiye aliyekuwa akipanga kampeni, kijana wa Belgrade mwenye koti jembamba na kicheko cha haraka. Yeye na dereva walibeba sinia kubwa lililofunikwa. Walilitua katikati ya meza, wakafunua. Mtoto wa nguruwe, amebanikwa mzima, ngozi inang'aa, tufaha mdomoni.

Nikamwambia, "Kaka Tihomir, leo ni mfungo."

"Mdogo wangu, mimi nauza mtu, siuzi kalenda. Mwananchi akiona meza ya samaki na maharage atasema huyu bwana ana vidonda vya tumbo. Picha moja, kisha naondoa."

"Baba akiona?"

"Baba yuko wapi?"

Nilitazama mlango wa stoo. Nilisikia chupa zikigongana huko chini. Ningeweza kuita, na ningeweza kulibeba lile sinia mwenyewe nikalitupa kwenye theluji.

Nilinyamaza.

Velizar hakuitazama hata meza. Alinyoosha mkono, akavunja ubavu, akauma, akacheka na mafuta kidevuni. Nyuma yake mshumaa wa mtakatifu ulikuwa unawaka chini ya picha yake takatifu. Kamera ililia mara nyingi kuliko ilivyolia kwenye mkate.

Baba alipopanda na divai, sinia lilikuwa limesharudi garini. Alisimama mlangoni akanusa hewa. Akamtazama mama, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka barabarani. Mama akanitazama mimi. Mimi nikauliza nani anataka kahawa.

*

Habari niliyoandika niliiandika kwa moyo wote, msinicheke. Niliandika kwamba mgombea alikuja kwa watu wa kijiji kama mgeni, akakaa nao, akawasikiliza habari za zahanati isiyo na daktari na za barabara inayokatika kila masika. Niliamini angeitengeneza ile barabara. Nguruwe sikumtaja. Nilidhani nisipomtaja atakuwa hayupo.

Mhariri wangu, Bi Zagorka, aliisoma akasema ni nzuri sana, ameigusagusa tu.

Asubuhi lilipotoka gazeti, baba aliwahi kibandani akanunua magazeti mengi, akayagawa dukani kwa majirani kabla hajafungua lake. Alikuwa anawaambia binti yake ameandika. Ndivyo alivyoniambia mama kwenye simu, kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani.

Ukurasa wa mbele ulikuwa na Velizar na ubavu wa nguruwe. Juu yake: NYUMBANI ALIKOZALIWA, MEZANI ALIKOKULIA. Ndani kulikuwa na picha ya mkate, na maelezo chini: mgombea akiwa na mfanyakazi wake wa miaka mingi.

Mfanyakazi huyo alikuwa baba yangu.

"Amerudi, amekaa na koti lake," mama alisema. "Hataki kulivua. Ananiuliza alianza lini kazi kwa yule bwana."

Nilicheka, kwa sababu nilidhani anatania. Mama hakucheka.

Lakini watu wa kijijini, wanaoijua nyumba ya Dragutin tangu msingi wake, hawakuhangaika sana na uongo wa nyumba. Waliona nguruwe. Nyama, siku ya Mtakatifu Nikola, chini ya mshumaa, katika nyumba ya mzee wa kanisa. Kwa maana baba ni mzee wa kanisa. Mkesha wa Krismasi yeye ndiye anayetangulia na tawi la mwaloni kulipeleka kanisani, na watu wote nyuma yake.

Miladin fundi wa matrekta alimngoja dukani. Alimuuliza, mbele za watu, kama mtakatifu wake amepata ruhusa ya daktari ya kula nyama. Mwingine akasema hapana, kwa Dragutin mtakatifu hafungi, anakunywa dawa tu. Baba alilipia chumvi akaondoka akaiacha chumvi.

Padri Sava alikuja mwenyewe. Hakumshutumu. Alisema watu wananong'ona, na hadi ijulikane nani aliiweka nyama ile chini ya picha takatifu, ingekuwa vyema mwaka huu tawi la mwaloni libebwe na mwingine.

"Mimi sikuiona nyama hiyo," baba alimwambia.

"Nakuamini, Dragutin. Lakini ipo gazetini."

*

Siku ya pili nilikwenda ofisini kwa Bi Zagorka nikasimama mbele ya meza yake. Nilisema habari ni ya uongo. Nyumba ni ya baba yangu, mkate ni wa baba yangu, nguruwe ni wa kampeni. Nilisema nataka gazeti lisahihishe.

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Badala yake aliniambia nikae, akanimiminia chai.

"Ni kweli usemayo," alisema. "Simu hazikatiki tangu jana. Kuna mtu ametafuta picha za Velizar akisherehekea Mtakatifu George mwezi wa tano, sasa wananiuliza mtu mmoja anakuwaje na watakatifu wawili wa ukoo. Tutasahihisha, tena ukurasa wa mbele."

Nilitoka pale nikitembea juu ya hewa. Nilimpigia baba simu. Nilimwambia kesho, baba, kesho watasema nyumba ni yako. Akasema atamwambia mama achemshe kahawa, watasoma pamoja.

Kesho yake walisoma pamoja.

Gazeti lilisahihisha kweli. Lilisema nyumba ile si ya mgombea, ni ya mwanakijiji mmoja, Dragutin Obućina, na makosa yametokea chumba cha habari. Lilisema mgombea alifika kama mgeni tu. Lilisema mwenye nyumba, kwa furaha ya kupata mgeni mkubwa, alimwandalia nguruwe katika siku ya mfungo. Mgombea aliona kosa hilo mara moja, lakini hakuwa na moyo wa kumfedhehesha mzee wa watu.

Kichwa cha habari: ALIKULA ILI ASIMWAIBISHE MWENYEJI.

Chini yake jina langu, herufi nzito.

Juzi walikuwa wamemtoa baba nyumbani kwake. Leo walimrudisha, ili awe na mahali pa kubebea lawama.

Na watu wakaipenda. Nilikuwa kwenye basi la kwenda kijijini, mama mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, unaona, huyo ndiye mtu, kafunga vizuri maisha yake yote, lakini kavunja mfungo kwa ajili ya mzee mjinga asione haya. Mwenzake alijifuta machozi. Nusura nimguse bega. Ningemwambia nini? Kwamba mzee mjinga ananingoja mwisho wa safari hii?

*

Baba alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni. Hakuacha nilipofika.

Nilimwambia sikuandika. Alipasua gogo jingine. Nilimwambia jina ni langu, maneno si yangu. Akasimamisha shoka.

"Wewe nilikusomesha ujifunze kuandika, wanakuja watu wanaandika kwa jina lako. Basi wangekusomesha wao." Alikaa juu ya gogo. "Senka, nguruwe ulimwona?"

"Nilimwona."

"Wakati mimi niko chini?"

"Ndiyo, baba."

"Ukakaa kimya."

Alitikisa kichwa taratibu, na nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Sawa," alisema. "Basi angalau yuko mtu mmoja duniani anayejua kwamba si mimi. Mama yako alianza kunitazama vibaya."

Alijaribu kutabasamu, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilimshika mikono, ina utomvu, nikamwambia nitasema. Sijui wapi, sijui vipi, lakini nitasema mbele za watu, na tawi la mwaloni atalibeba yeye.

Baba alisema, "Tutaona, mwanangu." Alinitazama kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa.

Ijumaa Bi Zagorka alinipigia simu. Alikuwa mchangamfu kupita kiasi. Jumapili baada ya ibada Velizar anarudi kwetu. Televisheni ya gazeti itarusha mubashara. Mgombea anakuja kumsamehe baba yangu.

"Kumsamehe nini?"

"Senka, usianze. Anakuja kumkumbatia, wanasalimiana, yamekwisha. Baba yako anatoka safi, Velizar anatoka safi. Na wewe ndiye utakayeshika kipaza sauti. Binti wa mwenye nyumba. Watu watalia."

Nilitaka kukata simu. Kisha neno moja likanigonga kichwani. Mubashara. Kisichopita mezani kwa Bi Zagorka. Kisichoguswaguswa.

Nilisema sawa, nitashika. Nilikubali upesi mno, nadhani, maana alirudia kuniuliza kabla ya kunishukuru.

Sikumwambia mtu mpango wangu. Hata baba. Niliogopa atanikataza, au uso wake utatusaliti. Nilitaka nimpe kama zawadi. Ewe msomaji, kama una jambo la kufanya kwa ajili ya baba yako, mwambie baba yako.

*

Jumapili theluji ilikuwa imeganda, na uani kwetu hapakuwa na pa kukanyaga. Watu walitoka kanisani wakaja moja kwa moja. Miladin alipanda juu ya trela apate kuona. Padri Sava alisimama nje ya geti, hakuingia.

Mama alikuwa amewasha majiko mawili. Baba alivaa suti yake ya harusi za watu, shingo imekaza, nywele zimelowa maji. Hakunitazama. Nilidhani ni aibu ya kamera.

Velizar aliingia na koti lenye kiraka kiwikoni. Akavua tena viatu. Watu wakanong'ona kwa upendo. Tihomir, hedifoni masikioni, alitupanga: mgombea hapa, mzee pale, mimi katikati. Aliniambia swali langu la kwanza: mzee, unajisikiaje leo? Nikaitikia kwa kichwa.

Taa nyekundu ya kamera ikawaka.

Nilijitambulisha. Nilisema tuko Gornji Jasikovac, nyumbani kwa Dragutin Obućina. Kisha nikamgeukia baba, nikamsogezea kipaza sauti, na nikauliza swali ambalo hakuna aliyenipa.

"Baba, siku ya Mtakatifu Nikola, nani aliyeleta nguruwe katika nyumba hii?"

Uso wa Tihomir ulikauka. Velizar aliendelea kutabasamu, lakini meno tu. Uani kote kulitulia kiasi kwamba nilisikia mafuta yakichemka jikoni.

Nilimtazama baba. Nilikuwa namwambia kwa macho: sema. Sasa. Hakuna anayeweza kukukata. Sema tu, mimi nitamalizia.

Baba aliinamia kipaza sauti.

"Mimi," alisema.

Nilidhani sikumwelewa. Nilisogeza kipaza sauti karibu zaidi, kama mjinga.

"Mimi ndiye niliyemleta nguruwe," baba alisema, safari hii kwa sauti ya mtu anayesoma mahakamani. "Mimi ndiye niliyemweka mezani. Binti yangu alikuwa nje. Hakuona kitu. Yeye hajui lolote."

Nilikuja kujua baadaye, kwa mama, kilichotokea. Jana yake, wakati mimi niko mjini, Tihomir alikuja akamchukua baba chini ya miti ya plamu. Alimwambia kwa upole kwamba mtu lazima abebe hili. Asipobeba mzee, atabeba mwandishi, yaani binti yake. Yeye ndiye aliyewaleta, yeye ndiye aliyeona akanyamaza, jina lake ndilo lipo juu ya habari zote mbili, na hakuna gazeti katika nchi hii litakalompa kazi tena. Baba aliuliza jambo moja tu: akisema ni yeye, mtoto wake ataachwa? Tihomir akampa mkono.

Yaani sote wawili tulikuja uani siku ile kila mmoja amekuja kumwokoa mwenzake, na hatukuwa tumeambiana.

Uani, mtu mmoja aliguna. Miladin juu ya trela alivua kofia, akaivaa tena, hakuwa na mzaha. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa mdomoni. Nje ya geti Padri Sava aliinamisha kichwa, kisha akageuka, akaanza kushuka kilima peke yake.

Velizar alipata tena rangi yake. Alifungua mikono.

"Mzee wangu," alisema, na macho yake, naapa, yalikuwa na machozi. "Nani asiyekosea? Mimi nimekwisha kukusamehe zamani. Njoo."

Baba yangu, aliyetangulia mbele ya kijiji kizima kila mkesha wa Krismasi, aliinamisha kichwa chake chenye nywele zilizolowa, akaingia katika mikono ile. Watu wakaanza kupiga makofi. Wengine walikuwa wanalia, kama Bi Zagorka alivyosema.

Juu ya bega la mgombea nikayaona macho ya baba. Yalikuwa yananisihi. Hayakuwa yakinisihi niseme.

Nikisema kweli, nimemfanya baba mwongo mbele ya nchi nzima, mwongo aliyekiri dhambi isiyo yake. Nikinyamaza, atakufa akiwa mtu aliyeweka nguruwe chini ya mtakatifu wa baba yake, na mimi nitakuwa nimenyamaza mara ya pili katika nyumba ileile.

Tihomir alinizungushia kidole: malizia. Midomo yake ikarudia bila sauti, malizia, malizia.

Taa ilikuwa bado nyekundu. Nikakiinua kipaza sauti, nikakileta mdomoni mwangu mwenyewe.